Hepburn wa Mto Wetu: Kweli au Si Kweli?

Mwaka 1951 mwigizaji wa Marekani, Katharine Hepburn, alifika Stanleyville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Kisangani. Alikuja kuigiza filamu ya The African Queen pamoja na Humphrey Bogart. Mei ya mwaka huo alitimiza miaka 44, umri ambao waigizaji wengi wa kike wa Hollywood walikuwa wameshaanza kunyimwa kazi. Kumbe alikuwa bado ana zaidi ya miaka 40 ya kazi mbele yake, kwenye sinema, jukwaani na kwenye televisheni.

Tangu wakati huo maneno mengi yamelizunguka jina lake. Mengine yanamhusu yeye mwenyewe, na mengine yanahusu mto na msitu wa mkoa wa Tshopo. Yako yaliyo kweli, yako yaliyo nusu kweli, na yako yaliyorudiwa mara nyingi mpaka hakuna anayeyauliza tena. Hapa nayachambua moja baada ya jingine. Mkazi wa Yangambi, Yakusu au Ubundu akiambiwa kwamba Hollywood iliwahi kufika kwao, ana haki ya kujua ni nini hasa kilichofanyika, kilifanyika wapi, na nani aliifanya kazi hiyo.

Dai la 1: The African Queen ilipigwa Yangambi.

SI KWELI. Yangambi iko ukingo wa kulia wa Mto Kongo, kama kilomita 100 ukishuka kutoka Kisangani. Mwaka 1951 ilikuwa makao ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933. Ilikuwa na maabara, mashamba ya majaribio ya michikichi na kahawa, na hebaria ambayo leo inahifadhi sampuli za mimea zipatazo 150,000. Palikuwa mahali pa wataalamu wa udongo na mbegu.

Mwongozaji John Huston alielekea upande wa pili kabisa. Alipanda mto kwenda kusini, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, akauchagua mto mdogo uitwao Ruiki, unaomwaga maji yake Lualaba, yaani sehemu ya juu ya Mto Kongo. Kambi ya kikosi cha filamu ilijengwa karibu na mto huo, mahali paitwapo Biondo. Huston aliupenda Ruiki kwa sababu maji yake ni meusi, na msitu umeukaribia kiasi kwamba matawi yanainamia maji pande zote mbili.

Hata hivyo, wa Yangambi asiondoke mikono mitupu. Maji ya Ruiki huingia Lualaba, hupiga kelele kwenye maporomoko ya Wagenia, kisha hupita mbele ya Yangambi. Mahali si pale, lakini maji ni yale yale.

Dai la 2: Hepburn wa Ruiki ndiye Hepburn aliyevaa nguo za mtawa Yakusu.

SI KWELI. Hawa ni watu wawili, na wala hawakuwa na udugu wowote. Aliyevaa nguo za mtawa ni Audrey Hepburn, aliyezaliwa Ixelles, Brussels, Mei 4, 1929. Katharine alizaliwa Hartford, Connecticut, Mei 12, 1907. Walipishana miaka 22.

Audrey alikuja mwanzoni mwa 1958 kuigiza The Nun's Story, filamu ya Fred Zinnemann iliyotoka 1959. Ni kisa cha mtawa Mbelgiji anayekuja kufanya kazi ya uuguzi Kongo. Baadhi ya picha zilipigwa Stanleyville na Yakusu, misheni ya Wabaptisti iliyo kati ya Kisangani na Yangambi. Huko alikuwako Dkt. Stanley Browne, mmishonari Mwingereza na bingwa wa ugonjwa wa ukoma, na kikosi cha filamu kilikutana naye. Kalulu, mhusika wa Kiafrika katika filamu hiyo, aliigizwa na Orlando Martins, mwigizaji mkongwe kutoka Nigeria.

Kwa hiyo mkoa mmoja ulipokea akina Hepburn wawili ndani ya miaka saba, mmoja kusini mwa Kisangani na mwingine magharibi. Ni rahisi kuelewa kwa nini watu huwachanganya.

Dai la 3: Filamu nzima ya The African Queen ni picha za Kongo.

SI KWELI. Kilichopigwa kwetu ni sehemu ya safari ya mtoni: boti ikipenya msituni, maji meusi, kingo zilizofunikwa na majani. Baada ya hapo kikosi kilihamia Uganda. Kijiji na kanisa la mwanzo wa filamu vilijengwa Butiaba, kwenye Ziwa Albert, ziwa ambalo ukingo wake wa pili ni Ituri. Picha nyingine zilipigwa kwenye Mto Nile karibu na Maporomoko ya Murchison.

Kisha wote wakaenda London. Kila unapowaona Bogart na Hepburn wakiwa ndani ya maji, wakiisukuma au kuivuta boti kati ya matete, ujue hayo ni maji ya birika kubwa la studio Uingereza. Maji ya mito na maziwa ya huku yalihesabiwa kuwa na magonjwa, na waigizaji hawakuruhusiwa kukaa humo kwa saa nyingi. Hata ruba wanaomganda Bogart walikuwa suala la studio. Bogart alikataa kabisa kuwekewa ruba hai, na ruba anayeonekana kwa karibu akiwa amenata kwenye ngozi alikuwa juu ya kifua cha mtu mwingine.

Robert Morley, aliyeigiza kaka wa Rose, mhusika wa Hepburn, hakukanyaga Afrika hata siku moja. Sehemu zake zote zilipigwa Uingereza, na kwenye picha za mbali za Afrika alisimama mtu mwingine badala yake. Mtazamaji anawaona kaka na dada wakiongea kwenye baraza moja, huku kaka yuko Uingereza na dada yuko kando ya Ziwa Albert.

Dai la 4: Hepburn aliugua kwa kunywa maji, wenzake wakapona kwa kunywa wiski.

KWELI kuhusu ugonjwa, SI KWELI kuhusu dawa. Hepburn aliugua tumbo la kuhara vibaya sana. Hakupenda ulevi wa Huston na Bogart, na kuwaonyesha hivyo alikunywa maji kwa wingi mbele yao. Maji hayohayo ndiyo yaliyomwangusha. Wakati wa kupiga sehemu ya kanisani, ambapo Rose anapiga kinanda huku kaka yake akiongoza ibada, ndoo iliwekwa kando, nje ya macho ya kamera, ili aweze kutapika kati ya picha moja na nyingine. Ukiitazama tena sehemu hiyo, mwangalie usoni. Ule weupe na ule uchovu haukuwa wa kuigiza.

Bogart mwenyewe alipenda kusimulia kwamba aliponea kwenye maharage ya kopo, asparaga ya kopo na wiski. Watu wamelicheka neno hilo kwa miaka 70, na wengine wameliamini. Sisi tunaoishi kando ya mto huu tusilichukulie kama ushauri. Kilichomsaidia Bogart ni chakula kilichofungwa kiwandani na kutogusa maji yasiyochemshwa. Pombe haiui vijidudu vilivyoko tumboni, na mwenye kuhara anayekunywa pombe huzidi kupungukiwa maji mwilini. Angechemshiwa maji na kuyaacha yapoe, Hepburn angepona bila tone la wiski.

La kukumbuka zaidi ni kwamba hakuiacha kazi. Mwezi Machi mwaka uleule alikuwa amemzika mama yake. Akapanda ndege kuja nchi asiyoijua, akaugua, akatapika kwenye ndoo, akarudi mbele ya kamera. Nidhamu ya namna hiyo ndiyo iliyomweka kazini kwa miaka zaidi ya 60.

Dai la 5: Rose ni Hepburn mwenyewe, hakuigiza chochote.

SI KWELI, na hili ndilo dai linalomwonea zaidi. Rose Sayer wa filamu ni dada wa mmishonari: mgumu, mcha Mungu, mwenye mgongo ulionyooka. Hepburn naye alikuwa na mdomo mkali na mgongo ulionyooka, basi watu wakaamua kwamba alijileta tu alivyo.

Mwenyewe aliandika habari hizi katika kitabu alichokitoa mwaka 1987 kuhusu filamu hiyo. Kazi ilipoanza huku Kongo alimwigiza Rose kwa uso uliokunjamana, kwa kuwa Rose ni mtu wa dini, na amefiwa na kaka yake. Huston akamfuata kwenye kibanda chake kambini. Akamuuliza kama amewahi kuona picha za Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, akiwatembelea askari majeruhi hospitalini. Hepburn alikuwa ameziona. Huston akamkumbusha kwamba uso wa Hepburn ni mwembamba na mdomo wake unainama chini, kwa hiyo asipotabasamu anaonekana mwenye hasira tu. Bibi Roosevelt, kwa vile alijiona hana sura nzuri, alikuwa na desturi ya kutabasamu kila aingiapo mahali. Mwigize Rose hivyo, akamwambia, kisha akaondoka.

Hepburn aliandika kwamba hakuwahi kupewa maelekezo bora kuliko hayo. Itazame filamu ukiwa na habari hii. Rose akinywa chai huku tumbo la Allnut, mhusika wa Bogart, likinguruma mezani, anatabasamu. Akimwaga chupa za jini mtoni moja baada ya nyingine, hapigi kelele. Akivuka maporomoko kwa mara ya kwanza, tabasamu lile la adabu linageuka kuwa furaha ya mtu aliyegundua kwamba yuko hai. Mabadiliko hayo yalipangwa hatua kwa hatua na mtu anayejua kazi yake. Na wazo lililoyazaa lilitolewa kwenye kibanda cha msituni, katika mkoa huu.

Dai la 6: Boti ya African Queen ilizama Ruiki ikapotea.

NUSU KWELI. Boti ilizama kweli wakati wa upigaji picha, ikabidi ivutwe kutoka majini na kuzibwa. Lakini haikupotea.

Tukumbuke pia kwamba kazi haikufanyika juu ya boti moja. Kamera ya Technicolor ya wakati ule ilikuwa kubwa mno, ikiendesha kanda tatu kwa pamoja, na haikutosha kwenye boti ndogo. Mpigapicha Jack Cardiff na wenzake walifanya kazi juu ya vyelezo vilivyofungwa na kukokotwa kama msafara. Kimoja kilibeba mfano wa boti, kingine taa, kingine jenereta, na kimoja kilikuwa cha Hepburn, chenye chumba cha kuvalia na choo. Msafara ulikuwa mzito kupita kiasi, na chelezo cha Hepburn ndicho kilichotolewa kwanza. Baada ya hapo alijiweka sawa msituni kama wengine.

Boti iliyotumika kwenye filamu iliundwa Lytham, Uingereza, mwaka 1912 na kupewa jina la Livingstone. Ilifanya kazi ya kubeba watu na mizigo katika Afrika Mashariki ya Waingereza kwa miaka mingi. Sasa iko Key Largo, Florida, ambako ilikarabatiwa mwaka 2012, na watalii hulipa nauli kuipanda.

Dai la 7: Kisa cha filamu kilitokea kweli vitani.

NUSU KWELI. Riwaya ya C. S. Forester ilitoka 1935 na ni ya kubuni. Hakukuwa na Rose wala Allnut, na mto Ulanga wa kwenye filamu haufanani na mto wowote wa kweli katika safari yake. Lakini meli ya Kijerumani inayowindwa, Louisa, ina chanzo kinachojulikana. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopiganwa kwenye Ziwa Tanganyika, Wajerumani walikuwa na meli kubwa iitwayo Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafungwa vipandevipande kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Ilianza kuelea ziwani mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipolazimika kurudi nyuma. Iliinuliwa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Abiria wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu wanaijua vizuri kwa jina hilo.

Kongo nayo imo kwenye kisa cha kweli. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli mpaka Fungurume. Zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikaelea juu ya Lualaba mpaka Kabalo, kisha zikapanda reli hadi Kalemie. Februari 9, 1916, meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilizamishwa ziwani. Barabara ya kupitisha boti milimani ilifyekwa na vibarua wengi wa Kiafrika.

Mwisho wa filamu, boti inaizamisha Louisa. Katika riwaya yenyewe boti inazama kwenye dhoruba kabla ya kuifikia meli, na kazi inamaliziwa na boti za Waingereza. Hollywood ilitaka wapenzi hawa washinde, na ikawashindisha.

Dai la 8: The African Queen ndiyo iliyompa Katharine Hepburn Oscar.

SI KWELI. Machi 20, 1952, aliyepewa tuzo ni Bogart, na ndiyo Oscar pekee ya maisha yake. Hepburn aliteuliwa, lakini tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Vivien Leigh.

Oscar zake ni nne, zote kwa uhusika mkuu: Morning Glory ya 1933, Guess Who's Coming to Dinner ya 1967, The Lion in Winter ya 1968 na On Golden Pond ya 1981. Hakuna mwigizaji mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyefikisha nne za uhusika mkuu. Ile ya 1968 aligawana na Barbra Streisand, kwa kuwa kura zilikuwa sawa. Na hakwenda kupokea hata moja. Alihudhuria sherehe hizo mara moja tu, mwaka 1974, na alikwenda kumkabidhi mtu mwingine tuzo.

Tazama miaka hiyo. Kati ya Oscar ya kwanza na ya pili ilipita miaka zaidi ya 30. Tatu kati ya nne alizipata akiwa amevuka miaka 60, katika biashara inayopenda sura changa.

Dai la 9: Alizaliwa nyota, hakujua kushindwa.

SI KWELI. Alitoka kwenye nyumba iliyojiweza, hilo halina ubishi. Baba alikuwa daktari, na mama alikuwa mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura. Alisoma chuo cha Bryn Mawr akamaliza 1928. Filamu yake ya kwanza ilitoka 1932, na Oscar ya kwanza ikafuata haraka.

Halafu mambo yakamharibikia. Filamu kadhaa zilikosa watazamaji, na mwaka 1938 wenye majumba ya sinema wa Marekani walilipia tangazo likiwataja waigizaji waliokuwa, kwa maneno yao, sumu kwa mauzo ya tiketi. Jina la Hepburn lilikuwa humo. Wengi wangekaa nyumbani kungoja simu. Yeye alirudi jukwaani. Mwaka 1939 aliigiza tamthilia ya The Philadelphia Story mjini New York, na haki za kuifanya filamu zilikuwa mikononi mwake, alizonunuliwa na Howard Hughes. Studio iliyoitaka tamthilia ilibidi imchukue na yeye, naye akawa na sauti katika kuchagua mwongozaji na waigizaji wenzake. Filamu ilitoka 1940 ikafaulu.

Kijana wa Kisangani anayeigiza leo kwenye maigizo ya mtaani au ya televisheni ya mji angeweza kulisoma somo hili mara mbili. Kipaji kilimfikisha mlangoni, lakini kilichomfungulia mlango ulipofungwa ni kumiliki hati ya kazi.

Dai la 10: Waigizaji wakubwa kama yeye waliidharau televisheni.

SI KWELI kwake yeye. Ni kweli kwamba alichelewa kuingia. Tamthilia yake ya kwanza ya televisheni, The Glass Menagerie, ilionyeshwa 1973, alipokuwa na miaka 66. Lakini alipoingia hakutoka tena. Mwaka 1975 aliigiza Love Among the Ruins pamoja na Laurence Olivier, wote wawili wakapata tuzo ya Emmy. Mwaka 1979 akaigiza The Corn Is Green. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 televisheni ndiyo iliyompa kazi nyingi zaidi, kwa sababu sinema ilikuwa haina tena hadithi za bibi wa miaka 80. Kazi yake ya mwisho, One Christmas, ilikuwa ya televisheni, Desemba 1994. Alikuwa na miaka 87.

Dai la 11: Kichwa kilimtetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson.

SI KWELI. Ukizitazama kazi zake za uzeeni, kichwa kinatikisika na sauti inatetemeka. Watu wengi waliuita ugonjwa huo Parkinson. Yeye alikana waziwazi, akieleza kuwa ni mtetemeko wa kurithi ambao babu yake pia alikuwa nao. Ni hali tofauti na Parkinson, na huwapata watu wengi wakizeeka. Aliendelea kuigiza nayo bila kuificha.

Kuna jambo jingine la mwili na umri lililosumbua waandishi. Kwa miaka mingi alisema alizaliwa Novemba 8, 1909. Ukweli aliusema mwenyewe katika kitabu cha maisha yake mwaka 1991: Mei 12, 1907. Novemba 8 ilikuwa siku ya kuzaliwa ya kaka yake Tom, aliyefariki akiwa kijana mwaka 1921, na ni Katharine aliyemkuta. Aliichukua siku ya kaka yake akaitunza kama yake. Aliyemwita mwongo kwa hilo hakujua alikuwa akihukumu msiba. Katharine Hepburn mwenyewe alifariki Juni 29, 2003, nyumbani kwake Connecticut, akiwa na miaka 96.

Dai la 12: The African Queen ni kazi ya Huston, Bogart na Hepburn.

SI KWELI. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linalotuhusu zaidi.

Kambi ya Biondo haikujijenga yenyewe. Kuna mtu aliyekata miti, kuna aliyeezeka mapaa, kuna aliyebeba jenereta na masanduku ya Technicolor, kuna aliyeongoza mtumbwi kwenye Ruiki usiku bila kugonga gogo. Siafu walipoivamia kambi, kuna watu waliojua cha kufanya, na hawakutoka Hollywood. Boti ilipozama, kuna mikono iliyoshika kamba. Kazi hiyo ilifanywa na wakazi wa mto huu, chini ya serikali ya kikoloni ambayo haikuona sababu ya kuandika majina yao. Hawamo kwenye orodha ya majina inayofungua filamu. Vilevile, nchi yao haitajwi kama mahali pa kisa, kwa kuwa filamu inasema ni Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, 1914.

Hepburn aliandika kitabu. Huston aliandika cha kwake. Peter Viertel, aliyesaidia kuandika muswada wa filamu, alitoa riwaya mwaka 1953 iliyozaliwa na safari ileile. Lauren Bacall, mke wa Bogart, aliyekuwa akipika na kuhudumia wagonjwa kambini, naye alisimulia katika kitabu cha maisha yake. Wageni wameusimulia msimu ule kutoka kila upande. Upande wa Ruiki haujaandikiwa kitabu.

Simlaumu Katharine Hepburn. Alikuja kufanya kazi, akaifanya kwa uaminifu mkubwa, na alipoandika alisimulia alichokiona. Kumheshimu ni kujifunza kwake: shikilia kazi yako, miliki hati yako, andika habari zako mwenyewe kabla hajaziandika mwingine.

Mtoto wa miaka 12 aliyesimama ukingoni Ruiki mwaka 1951 sasa amevuka 85. Aliyekuwa na miaka 12 Yakusu mwaka 1958 ana kama miaka 80. Kwa hiyo walio na babu au bibi Ubundu, Biondo, Yakusu au Yangambi wakae nao, wawashe simu, wawaulize nani alipika, nani alijenga, nani alipiga kasia, walilipwaje. Chuo Kikuu cha Kisangani kina wanahistoria na wanafunzi wanaotafuta mada za kuandikia. Mada ni hii, na muda wake ni sasa.